Isale Kwenye Dashibodi

Kile kidude kilipita juu ya migomba ya Flavia kikiunguruma kama nyuki waliochokozwa, kikaenda, kikarudi, kisha kikasimama hewani juu ya kaburi la mumewe. Kikakaa hapo hapo. Flavia alikuwa anakata majani makavu ya migomba, panga mkononi, akakiona kinavyomchungulia Antoni wake aliyelala, na hasira ikampanda. Wewe ungefanyaje? Aliokota jiwe akarusha. Bibi mwenye wajukuu, jamani, na jiwe likapata! Kidude kikayumba, kikaangukia kwenye mibuni, bawa limevunjika.

Akatokea kijana mmoja mtanashati, anahema, viatu vimejaa tope. Alikuwa Ebenezeri, mpimaji wa kampuni ya maparachichi iliyonunua kihamba, yaani shamba la ukoo, cha jirani aliyehamia mjini.

"Shikamoo mama. Unajua umevunja mali ya watu? Hii ni kesi ya polisi!"

"Marahaba. Na wewe unajua kidude chako kilisimama juu ya nani?"

Hakujua, wala hakuuliza. Akaokota droni yake akaondoka amenuna.

Hapa Kirua Vunjo mpaka wa kihamba ni masale, ule mmea wa majani marefu ambao kila Mchagga anaufahamu. Lakini masale hupandwa makaburini pia. Ukitembea kwa miguu utajua haya ni ya mpaka na haya ni ya wafu, maana kaburi utaliona. Sasa, Flavia alipomzika Antoni kando ya mtoto wao wa kwanza, alipanda masale mstari mzima ubavuni mwa makaburi, ili wapita njia wasiwachungulie. Aliyatunza yakanyooka, yakapendeza. Masale ya mpaka wenyewe yako kule chini, yamefunikwa na migomba, na kutoka juu hayaonekani kabisa. Basi mashine ikaona mstari mmoja tu mzuri, ikachora mpaka hapo. Makaburi mawili yakahamia kwa kampuni bila hata kupigiwa hodi.

Habari zilipomfikia, Flavia akateremka hadi Moshi mjini, kwenye ofisi ya kampuni hiyo hiyo ya maparachichi, iliyokuwa inaendesha upimaji ule. Dada wa mapokezi alimsikiliza huku macho yako kwenye kompyuta.

"Mama, hapa hatupokei maneno. Pingamizi linaingia kwenye mfumo."

"Mfumo unakaa wapi nikauone?"

Yule dada akacheka kidogo, akamwonyesha mlango. Ikabidi Brenda, bintiye aliyeolewa Mabogini, aliingize pingamizi kwa simu yake. Jibu likaja kwamba limepokelewa na kazi imesimama kwa muda. Flavia akashusha pumzi. Lakini ile kesi ya jiwe ilimkaa rohoni. Kila pikipiki ikisimama barabarani anadhani ni polisi.

Wifi yake, Theodora, dada yake Antoni, ndiye aliyetoa shauri. "Mpelekee isale."

"Isale kwa mtu aliyeniibia kaburi?"

"Si kwa ajili ya kaburi, wifi. Kwa ajili ya jiwe. Ulikosa, omba radhi. Akishalipokea mtakaa chini, na hapo atakusikiliza habari ya kaka yangu. Kwani umeshawahi kumwona mtu amekataa isale?"

Hajawahi. Mlimani kwetu watu wamesameheana damu kwa jani hilo moja la masale. Ukiletewa isale unapokea, unakaa, mnaongea mpaka yaishe, na aliyepokea akaenda kinyume, hata ng'ombe wake watu hawataki kuwanunua. Flavia akachuma moja palepale ubavuni mwa Antoni, akalifunga fundo kama ipasavyo, akajifunga khanga safi akateremka barabarani, lilikoegeshwa gari la Ebenezeri.

Ebenezeri alikulia Dar, lakini bibi yake ni wa Rombo, kwa hiyo alilitambua jani. Uso ukamlainika. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mwanangu, kwa lile jiwe. Naomba unisamehe."

"Yameisha, mama yangu. Yameisha kabisa." Akamgeukia dereva wake. "Hebu tupige picha ya kumbukumbu."

Flavia akainama na jani, akalikabidhi tena mbele ya simu, na kwa furaha akatabasamu. Akaanza kumweleza habari ya makaburi. Ebenezeri akaitikia kwa kichwa, ndiyo mama, hayo tutakaa tuyaongee, akaliweka isale kwenye dashibodi ya gari na kuwasha injini. Flavia alipanda kilima anaimba. Jioni hiyo alipika mtori wa ndizi akala mpaka akatoa jasho, kitu ambacho hakikumtokea tangu kidude kije.

Brenda alipopiga simu alikuwa analia.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Wamefunga pingamizi. Wameandika mlalamikaji ameomba radhi kwa mila za kwao na ameuridhia mpaka. Kuna picha yako, mama. Umeinama, unacheka. Nikijaribu kufungua tena, linaniambia shauri limemalizwa kwa maridhiano."

Flavia aliketi kwenye kigoda. "Niliomba radhi kwa jiwe," akasema, akarudia, akarudia tena.

Katapila lilifika asubuhi ya baridi, ukungu umeufunika mlima. Lilisukuma uzio wa jirani, likang'oa mibuni, likaja hadi kwenye masale likasimama. Dereva wa katapila, Filbert, kijana wa Mkuu, Rombo, alichungulia chini, akaona misalaba miwili. Akazima injini.

"Bosi, hapa pana watu."

Ebenezeri akamwonyesha skrini. "Ramani haina mtu hapo. Twende kazi."

"Ramani haijazikwa hapa," Filbert akasema, akashuka, akaacha ufunguo kwenye majani. Majirani walikuwa wameshajaa kando ya mfereji. Ebenezeri akapiga simu, akaagiza dereva mwingine, wa kutoka mbali, asiyejua haya mambo. Atafika mchana.

Flavia alitoka katikati ya watu, hana panga, hana jiwe. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akachungulia kiooni. Jani lilikuwa bado pale, limekauka, fundo lake halijafunguka.

"Nirudishie isale langu."

Theodora alishika mdomo. Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo, si Kirua, si Rombo, si popote mlimani. Radhi ikishapokelewa hairudi. Ikirudi, ugomvi nao unarudi wote, na safari hii hakuna jani la kuuzima.

Ebenezeri alicheka. "Hili tu, mama? Si ungesema." Akafungua mlango, akalichukua kwa vidole viwili na kumpa kama mtu anayetupa ganda la muwa.

Wazee waligeuza nyuso. Mmoja mmoja majirani wakaanza kuondoka, haraka, ugomvi huo usije ukawakuta, wakiwavuta watoto mikono, hata Filbert aliliacha koti lake kwenye katapila akateremka bila kuangalia nyuma. Ebenezeri akabaki na kicheko ambacho hakikuwa na wa kukipokea.

"Wanakwenda wapi hawa? Mama, wanakwenda wapi?"

Flavia alikaa chini kati ya mumewe na mwanawe, akalilaza isale mapajani, akasubiri mchana.

"Mama, ondoka hapo. Dereva akija, mfumo hautamwambia kwamba upo."

"Najua," Flavia akasema. "Ndiyo maana nakwambia wewe. Nipo hapa, isale limerudi, na kwa lile jiwe sijakuomba radhi."