Chapati ya Mpishi

"Pete umeshaitia?" Ambrose aliuliza kutoka mezani.

"Imeshaingia, Baba," Loretta alijibu bila kugeuka.

Alidanganya. Pete ya marehemu mama yake ilikuwa bado mfukoni mwa aproni, ikipata joto la jiko la kuni. Vingine vyote alikwishavitumbukiza kwenye bakuli la unga: kifungo, msumari, kastabini na sarafu. Anayeng'ata msumari ataolewa na seremala. Pete ni ndoa, sarafu ni utajiri, kastabini ni ufundi wa kushona, kifungo ni kuzeeka peke yako. Nyumba zote za ghuba ile ya Newfoundland zilinuka siagi jioni hiyo, maana mayai, maziwa na mafuta hayakutakiwa kuiona Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza ya Kwaresima, na tangu enzi za mabibi njia ya kuyamaliza ilikuwa chapati za maji.

Mama yake alikuwa akivua pete kidoleni, anafumba macho, halafu anakoroga. "Mkono usijue," alikuwa akisema. Baada ya kula, aliyeipata aliirudisha, ikaoshwa, ikavaliwa tena. Mwaka huu hapakuwa na kidole cha kuirudishia. Jumapili baada ya misa, Ambrose alisema kwamba atakayeipata ndiye atakayebaki nayo.

Loretta aliteka unga kwa upawa, akaumimina kikaangoni. Ukachacharika.

"Shemeji, hiyo zamu yetu inafika leo," aliuliza Cyril, mchumba wa Bernadine, mdogo wake, "au tusubiri Pasaka?"

"Usimharakishe dada," Bernadine alisema. "Atakupa ya kuungua."

Ambrose akacheka. Alicheka hadi akakohoa, akaupigapiga mkono wa Bernadine juu ya meza. Loretta alikaza mkono kwenye mpini wa kikaango. Miezi miwili sasa, tangu mama afe, amekuwa akimpikia mzee huyu, akimkaushia soksi, akimsomea barua, na hajapewa hata nusu ya kicheko hicho. Bernadine amewasili jana tu kutoka mjini, na tayari amekalishwa kwenye kiti cha mama. Kidoleni ana pete yake, tena ya jiwe. Ya pili ya nini?

Chapati chache zikaenda mezani; sarafu, msumari na kastabini vikatoka. Kwenye upawa uliofuata aliona kitu cheusi kikielea. Kifungo. Angeweza kukirudisha bakulini. Alikimimina kikaangoni, akaipindua chapati, akaitelezesha kwenye sahani ya mdogo wake.

Bernadine alitafuna mara mbili, akasita. Akakitoa mdomoni.

"Mama yangu! Cyril, umeachwa!" Ambrose alipiga meza.

"Basi nimepona," Cyril alisema, na wote wakacheka isipokuwa Bernadine. Alikifuta kifungo kwa leso, akakigeuzageuza.

"Hiki ni cha koti lake la kijivu."

"Ndicho," Loretta alisema. "Nilikikata mimi."

"Na koti liko wapi?"

"Nilimpa jirani, mama Kehoe. Lilikuwa limeliwa na nondo."

"Hukuniuliza."

"Ungekuwepo ningekuuliza."

Cyril aliacha kutafuna. Bernadine hakuinua sauti. Sauti yake ilikuwa ile ile ya mama, na hilo nalo Loretta hakulisamehe.

"Wewe ulimwosha, dada. Ulimchana nywele. Ulikuwa umemshika mkono alipokata roho. Mimi theluji ilifunga barabara, nikafika hata kaburi halionekani. Nilisimama pale sijui nimesimama juu ya nani." Alikiweka kifungo kando ya sahani. "Miaka mitatu yote ya ugonjwa wake ulikuwa naye peke yako. Usiku nalala nakuonea wivu, mpaka najiona mchawi."

Loretta aliyatazama maji ya moto yaliyokuwa yakitokota nyuma ya jiko. Maji kama hayo alikuwa akiyapeleka chumbani kila asubuhi, na beseni, na mashuka, mgongo ukimuuma, akimlaani kimoyomoyo yule aliyekimbilia mjini. Hakuwahi kudhani kwamba kuna mtu duniani angelitamani beseni lile.

"Bado moja," Ambrose alisema polepole. "Ya mpishi. Kuanzia kesho hatuli haya mafuta. Imalizeni."

Loretta alikwangua bakuli. Akawageuzia mgongo, akaitoa pete mfukoni, akaiangusha katikati ya kikaango na kuifunika kwa unga wote uliobaki. Ilipoiva ilionekana wazi, duara limevimba kama jicho lililofumba. Aliipakua. Kwa kawaida angekula amesimama pale pale jikoni.

Aliipeleka mezani. Akavuta kiti karibu na mdogo wake, akachukua chupa ya asali nyeusi ya miwa, akamimina mpaka uvimbe ukazama na sahani nzima ikawa nyeusi.

"Hiyo si yako?" Bernadine aliuliza.

"Ni kubwa. Tule wote."

Aliweka uma wa Bernadine upande mmoja na wake upande wa pili. Akaigusa sahani kwa kidole, akaizungusha juu ya meza iliyong'aa kwa mafuta, akafumba macho.

"Na wewe fumba," alisema.

Sahani ilikuwa bado inazunguka.