Zamu ya Wanawake

Kerttu Hirvelä alikula miaka thelathini ya ubalozi: Ankara, Belgrad, Kairo. Majenerali walimpigia meza naye akawanywea kahawa yao taratibu. Lakini Jumamosi ile ya Novemba, kwenye nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, wanaume sita wa chama chake walikuwa wanangoja zamu yao ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, na humo ndimo wangempitisha waziri mpya wa mambo ya nje. Jina la Kerttu lilikuwamo katika orodha. Alijua litatoka na mvuke.

Kwa watu wa huko, neno lililokubaliwa juu ya benchi la sauna, watu wakiwa uchi na jasho linawatiririka, halifufuliwi mezani. Tena wanawake huoga kwanza, na hakuna mwanamume mwenye adabu atakayevuka mlango zamu yao haijaisha. Mara mbili Kerttu alioga upesi akawapisha, na mara mbili kesho yake aliambiwa, tumeshaamua. Asiyekuwapo na lake halipo.

Safari hii aliingia saa kumi na moja jioni pamoja na Hilma, mpishi wa nyumba. Wakawa wanatoka kupoa chumba cha nguo, wanarudi. Saa ikapita. Ya pili nayo.

"Bibi Balozi, mimi naiva," Hilma alisema.

"Shuka benchi la chini, mama. Kuni zipo?"

"Tele."

"Tia gogo jingine."

Mlango wa nje ukagongwa. Alikuwa Lahtisalo, mwenyekiti wa chama.

"Kerttu, umezimia humo?"

"Naoga."

"Saa ya tatu hii inaingia. Una uchafu gani?"

"Wa miaka thelathini, mwenyekiti. Mwingine ni wenu."

Mtu barazani akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Tuna mataulo tu huku, na upepo unatoka ziwani."

"Nguo zenu ziko nyumbani. Mezani pana viti saba. Vaeni, mkae, katibu aandike. Nikisikia mlango wa nyumba umefungwa, natoka."

"Kwetu mambo haya hayaendi hivyo."

"Najua. Ndiyo maana sijatoka."

"Kuni zitakwisha, Kerttu."

Hapo alijibu Hilma, aliyewachomea soseji watu hao miaka ishirini bila kuulizwa neno. "Zitakwisha Jumatano, mwenyekiti. Nimezipanga mwenyewe."

Halafu nyayo zikapanda kilima, na mlango wa nyumba ukabamizwa.

Kerttu alifika mezani uso mwekundu, nywele zinachuruzika mabegani. Wanaume walikuwa na tai shingoni. Mmoja alikosea vifungo. Akakalia kiti cha saba.

"Asiyenitaka anyooshe mkono, na katibu aandike jina lake."

Lahtisalo alinyoosha, macho kwenye kitambaa cha meza. Wa pili akamfuata. Kerttu akamtazama kila mmoja wa waliobaki, polepole, kama alivyowatazama wale majenerali. Yule aliyecheka barazani alitia mkono mfukoni, akauacha humo.

"Wawili," katibu alisema. "Jina limepita."

"Andika na majina."

Kalamu ikakwaruza. Lahtisalo akalegeza tai.

"Sasa tunaruhusiwa kuoga?"

"Nendeni," alisema Kerttu. "Ila moto mchochee wenyewe. Hilma anapumzika."