Vijiti vya Mzizimo

Katika nchi ya Mzizimo, ambako jua lilichomoza jeupe na kutua bila kumpasha mtu joto, theluji iliwaangukia wote sawa lakini haikuondolewa sawa. Juu Kileleni, Mtukufu Shibe na mawaziri wake walikaa katika kasri la madirisha mia. Chini Bondeni waliishi watu walioikwangua theluji ya kasri na, kwa amri, kuisukumia kwenye mitaa yao wenyewe.

Kila kipupwe kilipokaribia, waraka ulibandikwa kuwaeleza wakazi watarajie nini. Njia ya Heshima, iliyopita mbele ya kasri, ingesafishwa kwanza, nyingine zingesubiri zamu. Kila nyumba ichomeke mlangoni kijiti chenye kitambaa chekundu, na vijiti vya Bondeni visizidi dhiraa moja. Nyumba ambayo kijiti chake hakionekani ihesabiwe kuwa haina mtu, na njia yake isifunguliwe. Kasri halikuchomeka kijiti. Nani asiyeliona kasri?

“Mnyapara, kitambaa cha mama kimezama,” alisema Nangwe, mkwanguaji wa Njia ya Heshima, macho yake yakiwa Bondeni. “Jana niliona ncha. Nipe watu wawili tu.”

“Zamu ya Bondeni ni Alhamisi,” alijibu Mnyapara Kirongo. “Na bila kijiti, hata hiyo Alhamisi huna.”

“Yumo ndani. Sikiliza, anagonga.”

Kweli, chini ya weupe ule kulisikika ngo, ngo, ngo, taratibu, kama mgeni asiye na haraka. Makoleo yalitulia. Kirongo alivuta skafu hadi masikioni.

“Ni barafu inajipasua. Sukumeni, Mtukufu anakwenda hamamu.”

Walisukuma. Nangwe naye alisukuma, akilia, na kila koleo alilomwaga liliporomoka kuelekea kwa mama yake.

Kulipopambazuka, Bondeni udongo ulikuwa mweusi na mbichi, bila chembe ya theluji. Vijiti vyote vilisimama, na Bi Sikitu, mama yake Nangwe, alikuwa mlangoni akikung'uta mkeka. Kwenye mteremko kulikuwa na michirizi mipana iliyopanda juu, kana kwamba kitu kizito kilijikokota kurudi kilikotoka. Palipokuwa kasri palikuwa na kilima cheupe, laini, kisicho na dirisha hata moja.

Wakwanguaji walipanda, na Bi Sikitu akawafuata. Kirongo alifungua waraka.

“Tafuteni kijiti,” alisema.

“Hakuna, mnyapara.”

Kutoka ndani ya kilima kukasikika ngo, ngo, ngo.

“Ni barafu inajipasua,” alisema mmoja wao, na hakuna aliyecheka.

“Jana nilipogonga, mlinisikia?” Bi Sikitu aliuliza.

“Tulikusikia, mama,” Nangwe alijibu, akiinamisha uso.

Bi Sikitu akatoa chini ya kanga kijiti chake, alichokuwa amekichomoa mlangoni, na kumkabidhi. Nangwe alipiga magoti akakichomeka kilimani. Theluji ilianza kuanguka tena, juu ya kilima kile peke yake, na kijiti kilikuwa cha dhiraa moja tu.