Taulo Lenye Fundo

Hebu nikuulize: wewe ukishaliosha gari, unalikausha na nini? Usiniambie na kitambaa chochote kilicho karibu, maana kwa kosa hilo watu wawili walijuta miaka kumi na mmoja, na aliyejuta zaidi siye aliyekishika kitambaa.

Alikuwako mzee mmoja, dereva mstaafu, waliyemwita Kioo kwa sababu kwenye gari lake ungeweza kujitazama ukachana nywele. Lilikuwa gari dogo la rangi ya damu ya mzee, kuukuu, lakini liking'aa kama limetoka dukani jana. Kila Jumamosi, kabla jua halijavuka ukuta wa uani, Kioo aliliosha. Mkewe alichungulia kutoka dirisha la jikoni na kusema, "Huyo mke mwenzangu ameshaoga? Basi na mimi niletewe ndoo yangu."

Kuosha si kazi, kazi ni kukausha. Maji ukiyaacha jua liyanyonye, yanabakiza madoa meupe ya chumvi. Na ukisugua kwa nguvu ndiyo umeharibu kabisa, kwa kuwa chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa huchora rangi kama msumari. Kwa hiyo Kioo kwanza aliuweka mpira wa maji juu ya paa, akayaacha maji yateremke polepole, yote kwa pamoja, kama shuka linalovutwa kitandani, hata yakabaki matone machache tu. Halafu alichukua taulo laini, pana, akalitandaza, akalishika pembe mbili na kulivuta taratibu kuja upande wake. Hasugui. Anavuta, anakamua, anageuza upande mkavu. Paa, vioo, boneti, milango; sehemu za chini mwisho, maana huko ndiko uchafu unakolala.

Magurudumu yalikuwa na taulo lao. Lilikuwa la bluu, pacha wa lile la kwanza, ila pembeni Kioo alilifunga fundo. Maana ya fundo ni kwamba hili lina mchanga na vumbi la breki, lisiguse rangi. Yote mawili aliyafua mwenyewe na kuyaanika kwenye kamba moja. Maana ya fundo aliijua yeye peke yake. Hakuwahi kumwambia mtu, kwani nani mwingine angeligusa gari lake?

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alipochumbiwa, Kioo alimwambia, "Mama, siku yako nitakupeleka mwenyewe. Wewe nyuma kama bosi, mimi kwenye usukani na kofia yangu ya kazi. Miaka thelathini nimeendesha mabosi wa watu, na mimi niendeshe wa kwangu."

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. "Na unifungulie mlango!"

"Nitakufungulia, na saluti nitapiga."

Basi Alhamisi ya juma lile la harusi Kioo akaliosha gari. Kabla hajaanza kulikausha, akaitwa barabarani kuwapokea wageni waliopotea njia. Akakawia. Jua likapanda ukuta. Binti akaona matone yanaanza kukaukia kwenye boneti, akajua baba yake ataumia. Akakimbilia kambani, akavuta taulo lililomwangukia mkononi. Lilikuwa na fundo. Akalifungua, akidhani aliyelikamua alisahau kulifungua. Akalikausha boneti lote, kwa nguvu zake zote, akiimba.

Kioo aliporudi, boneti lilikuwa limejaa mistari ya mviringo kama lililopigwa msasa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Usiguse tena gari langu." Binti akabaki amesimama, taulo amelikumbatia kifuani, maji yanamchirizika mpaka miguuni.

Jioni ileile gari likapelekwa kwa fundi wa rangi. Fundi akaahidi kesho. Kesho yake mvua ikashinda inanyesha, rangi ikagoma kukauka. Jumamosi bibi harusi alipelekwa na mjomba wake, katika gari la kubebea mbao, kiti kimetandikwa shuka. Na baba mtu? Baba mtu alikuwa gereji, amemsimamia fundi kichwani, anaambiwa "bado kidogo, mzee, bado kidogo." Alifika harusini wageni wanakunywa maji ya kushushia chakula.

Na rangi yenyewe haikulingana. Boneti lilizidi wekundu kidogo. Wengine hawakuona, lakini Kioo aliona kila Jumamosi.

Tangu hapo binti alikuwa akija kuwaona, anasalimia kwa heshima, anapika, anafua, anafagia hadi uvunguni. Lakini gari alilipitia mbali kama linauma. Kioo alitaka kumwambia neno. Mara ngapi neno lilimfika kooni, likatoka limegeuka: "Mama, umekunywa chai?"

Ndipo ikafika Jumamosi hii. Binti amekuja kuaga. Mumewe amepata kazi mbali na ameshatangulia. Yeye anapanda basi saa saba mchana, na haijulikani watarudi lini. Kioo alikuwa amepanga ampeleke stendi mwenyewe, na njiani aseme, leo liwe liwalo.

Akaosha gari mapema. Lakini bega lake la kulia, tangu mwaka jana, halipandi kupita kifua. Akapanda stuli ili alifikie paa. Stuli ikayumba, akashuka na moyo unamdunda. Jua lilikuwa limeshagusa ukuta. Juu ya paa matone yalianza kusinyaa kingoni.

"Mzee, omba msaada," mkewe akamwita kutoka dirishani. "Bega ndilo bovu, mdomo ni mzima."

Kioo akaisukuma stuli pembeni kwa mguu. Kisha akamwita bintiye, "Mama! Njoo unisaidie paa."

Binti akatoka na blauzi aliyokuwa akiikunja. Akasimama mbali, hatua nne. "Mimi?"

"Wewe."

"Gari hili?"

"Kwani unaona jingine hapa uani?"

Binti akaenda kambani. Mataulo mawili ya bluu, moja na fundo. Akayatazama, mikono ameiweka mgongoni kama mtoto aliyekatazwa. "Lipi, Baba?"

Kioo akahisi swali lile limemkaa kifuani. Miaka kumi na mmoja, jibu lenyewe halifiki hata nusu dakika. "Lenye fundo ni la magurudumu. Lina mchanga. Hilo jingine ndilo la rangi." Akaongeza, "Sikukwambia."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia, usingekosea."

Binti alichukua taulo, akavua pete na saa akavitia mfukoni. Akalitandaza juu ya paa, akashika pembe mbili, akavuta. Akakamua. Akageuza upande. Hakusugua hata mara moja.

"Nani amekufundisha?" Kioo akauliza.

"Dirisha la jikoni. Tangu siku ile, kila nikija Jumamosi."

Akashuka kwenye vioo. Alipofika kwenye boneti, mikono ikasimama hewani. "Hapa malizia wewe."

"Boneti pia, mama." Kioo akasogea karibu naye. "Kosa lilikuwa langu. Nikakaa gereji kulinda rangi, wewe ukaenda bila mimi. Siku ile haitarudi, najua."

Binti akalitandaza taulo juu ya ule wekundu uliozidi, akalivuta polepole, mara moja, mara ya pili. Halafu akalikamua mpaka likaacha kudondosha, akalianika sawasawa.

Saa sita sanduku likaingizwa ndani ya buti. Mama akamkumbatia binti yake kwa muda mrefu, akabaki kibarazani na kanga machoni. Kioo, kofia yake ya zamani kichwani, akafungua mlango wa mbele kwa mkono wa kushoto. Binti akaupita, akafungua wa nyuma, akaketi katikati ya kiti, mikono mapajani.

"Mama, mbele kuna nafasi."

"Nimeiona, Baba."

Kioo akaingia, akashika usukani, asiwashe gari. Kwenye kioo cha juu akayaona macho ya binti yake yakimtazama.

"Siku ile nilitaka kukaa hapa hapa," binti akasema. "Nikione kisogo chako na hiyo kofia. Hata kama boneti lingechubuka lote. Nilitaka unipeleke wewe."