Mla Ukuta wa Vumbini

Nchi ya Kodolea haikuwa na mlima wa kutajwa wala mto wa kuimbwa, lakini ilikuwa na macho. Ukiingia kutoka upande wowote, kitu cha kwanza kukulaki kilikuwa runinga: runinga sokoni juu ya meza za nyanya, runinga katika vituo vya polisi, runinga hata katika wodi ya wazazi ya hospitali pekee ya mji mkuu, ambako mtoto aliuona uso wa Mtukufu Shibe kabla hajauona wa mama yake. Mtukufu Shibe ndiye aliyekuwa mtawala, mwaka wa ishirini na sita huo, mtu mnene wa shingo na mwembamba wa subira, naye alizungukwa na Waangavu kumi na wawili, mawaziri walioitwa hivyo kwa kuwa walijipaka mafuta usoni hadi wapiga picha wakawa wanalalamika. Barabara za Kodolea zilikuwa na mashimo yaliyodumu hata wenyeji wakayapa majina. Maji yalikuja bombani kama mgeni wa heshima, kwa kutangazwa kwanza. Ila kila nyumba, hata isiyo na mlango, ilipewa runinga bure na serikali, na kuizima mchana lilikuwa kosa, kwa sababu, walisema Waangavu, taifa lisilojitazama halijijui.

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa Macho Hayana Pazia. Kila Ijumaa kilimleta mbele ya taifa Mkodolea mmoja mwenye tabia isiyo ya kawaida: mzee aliyelala ndani ya pipa, mwalimu aliyezungumza na viatu vyake, binti aliyekunywa mafuta ya taa kwa kijiko. Kabla ya kuanza, sauti nzito ilisema, "Mtakayoyaona ni kweli tupu," na nchi nzima ikashusha pumzi, kwani hakuna kinachomliwaza mwenye shida kama kumtazama mwenye wazimu.

Ikafika zamu ya Siwatu.

Siwatu alikuwa mjane wa miaka sitini, mfyatua matofali wa kijiji cha Vumbini, na tabia yake aliipata zamani, alipobeba mimba yake ya kwanza na ya mwisho. Wanawake wengi wa Vumbini walitamani udongo wakiwa wajawazito. Walikula, wakajifungua, wakaacha. Siwatu alijifungua mtoto ambaye hakulia, kwa kuwa mkunga alikuwa mwendo wa siku nzima kutoka pale, na ile hamu haikutoka pamoja na mtoto. Tangu hapo, kila asubuhi akishafagia, alibandua kipande cha ukubwa wa ukucha kutoka ukuta wa nyumba yake, akakiweka ulimini na kukiacha kiyeyuke. Basi, ni hayo tu. Hakuona haya, wala hakujisifu. Lakini miaka ilivyokwenda ulimi wake ulijifunza yale ambayo mikono ya wafyatuaji wengine haikuyajua: kwamba udongo wa bondeni ni mchachu, wa kichuguu una utamu wa mbali, na wa njiani una chumvi ya nyayo za watu. Vumbini walipotaka matofali yasiyopasuka, walimletea bonge aonje kwanza.

Aliyekuja kumpiga picha alikuwa Fumbwe, mtayarishaji wa kipindi, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani myeusi na tabasamu la mwenye duka. Alimtazama Siwatu akibandua kipande chake, akikiweka mdomoni, akikimeza. Alisubiri. Akasubiri tena.

"Ndiyo hiyo yote, mama?"

"Ndiyo yote, mwanangu."

"Ulianza lini?"

Siwatu akamweleza habari za mtoto. Fumbwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwashiria mpiga picha azime mtambo wake.

"Hiyo inahuzunisha," alisema. "Watu wamechoka kuhuzunika. Tutasema ulirogwa."

"Lakini sikurogwa."

"Mama, kazi yangu ni kutengeneza kweli. Kweli ukiiacha ilivyo, haitazamiki."

Akafungua sanduku, akatoa tofali zima, jekundu, lenye kingo kali. Siwatu alilinusa, akalilamba pembeni, akamtazama.

"Hili lina sukari."

"Ni biskuti. Imeokwa mjini kwa ajili yako. Utakula matatu, la nne utalishika mkononi kama mtu ambaye hajashiba."

Siwatu angemfungia mlango. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Miaka minne nyuma watu wa Vumbini, waliochoka kuzika watoto ambao hawakulia, walikuwa wamefyatua matofali elfu kumi na mawili ili wajenge zahanati. Mwaka mzima walikanda udongo wa kichuguu na majivu ya pumba za mpunga, mchanganyiko wa Siwatu mwenyewe, na hakuna bonge lililoingia kwenye kalibu ya kufyatulia bila yeye kulionja. Siku ya kujenga, yakaja malori ya serikali kuyachukua matofali "kwa ukaguzi wa ubora". Hayakurudi, na barua zote walizoandika zilijibiwa kwa picha ya Mtukufu Shibe.

"Nikila biskuti zako," alisema Siwatu, "nitasema habari za zahanati?"

"Utasema yote," alijibu Fumbwe.

Akala. Meno yalimuuma kwa sukari, lakini alikula, kisha akaifuta midomo yake kwa upindo wa kanga, akasema habari za zahanati kwa utulivu, bila kuacha kitu, hata rangi za malori. Ijumaa kijiji kizima kilikusanyika mbele ya runinga ya wifi yake, Mkasi. Wakamwona Siwatu akitafuna tofali baada ya tofali. Kisha wakaona midomo yake ikicheza, na ile sauti nzito ikaeleza, "Anasema akilala huota maghorofa."

Wiki zilizofuata Wakodolea walimiminika Vumbini. Wengine walileta matofali ya kweli wakayapanga mlangoni kama sadaka. Wengine walimrushia, wakicheka, ili waone kama atayadaka kwa meno. Waliokuwa na adabu zaidi walibandua vipande vya nyumba yake wakaenda navyo kwao kuwa kumbukumbu, hata ukuta wa mashariki ukabaki na tundu la kupitisha mbuzi.

"Wifi," alisema Mkasi, akichungulia kutoka upande wa pili wa lile tundu, "hawa watu wamekula nyumba yako."

"Naam. Na mwenye tabia mbaya ni mimi."

Mtukufu Shibe naye alikuwa ametazama, na alikuwa amefurahi. Siku hizo alikuwa akimalizia ubavu mpya wa ikulu yake, ukumbi mrefu mweupe ulioitwa Jumba la Uwazi ingawa madirisha yake yalikuwa machache, na akaamuru ufunguliwe kwa kipindi maalumu, mubashara, ambamo yule mla ukuta angeonja ikulu na kuitolea ushahidi. Fumbwe akatumwa kumleta. Kwa siku tatu Siwatu alilazwa kwenye nyumba ya wageni, akalishwa kuku na wali wa nazi, akavishwa gauni lenye picha ya Mtukufu kifuani. Kisha Fumbwe alimwonyesha, kwenye ukuta wa Jumba la Uwazi, mahali palipopachikwa bamba la biskuti lililopakwa chokaa, na katikati yake nukta ndogo ya kalamu.

"Uma penye nukta. Halafu useme neno moja tu: tamu."

"Na zahanati?"

Fumbwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, safari hii hakuna cha kukata. Ni mubashara. Tafadhali sana."

Siku ya kipindi, jua likiwa utosini, ukumbi ukajaa. Waangavu walikaa safu ya mbele wakimeremeta. Mtukufu Shibe alikuwa kwenye kiti kilichoinuliwa, na nchi nzima, kuanzia sokoni hadi wodi ya wazazi, ilikuwa ikitazama. Siwatu alisimama mbele ya nukta. Siku tatu hakuwa ameonja udongo, na hamu ilikuwa imemshika kooni kama kiu. Lipu ilikuwa bado mbichi. Hapo kando ya dirisha ilikuwa imepata ufa, na kwenye ufa ule ilitoka harufu ambayo hapana mwingine ukumbini aliyeisikia. Akaipita nukta. Akasogea hadi dirishani, akaingiza ukucha, lipu ikadondoka, tofali jekundu likatokeza. Akabandua kipande chake cha kawaida, akakiweka ulimini, akafumba macho.

Utamu wa mbali ulikuja kwanza. Kisha majivu ya pumba. Moyo ulimruka kama wa mtu aliyesikia sauti ya jamaa yake chumba cha pili. Akaonja tena, apate hakika.

"Haya, mama," alisema Mtukufu Shibe, akiwakonyeza wapiga picha, "ikulu yangu ina ladha gani?"

"Zahanati," alisema Siwatu.

"Nini?"

"Ni zahanati ya Vumbini, Mtukufu. Matofali haya niliyaonja kabla hayajachomwa." Alimtazama juu pale kitini, na hakukuwa na dharau katika sauti yake, ilikuwa sauti ya mgonjwa anayekutana na mwenye ugonjwa kama wake. "Kumbe na wewe unakula kuta. Ulianza lini?"

Fumbwe alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kukata matangazo. Tangu aajiriwe hakuwahi kuona katika kioo chake kitu ambacho hakukipanga mwenyewe, na alikitazama kwa mshangao, akasahau kubonyeza. Alipobonyeza, Mtukufu alikuwa ameshafungua mdomo, na uso wake ukaganda hivyo hivyo, mdomo wazi, kwenye kila runinga ya Kodolea.

Jioni ile serikali ilitangaza kwamba kipindi kilikuwa igizo. Hapo ndipo walipokosea. Kwa miaka yote walikuwa wameapa kwamba biskuti ni tofali. Sasa tofali lilipotokea, ndilo wakaliita uongo. Mzee wa pipa alijitokeza akasema siku zote amelala kitandani. Mwalimu akakiri kwamba viatu havikuwa vyake. Na kwenye lango la ikulu wakaanza kufika watu, mmoja mmoja, kisha makundi, wakivua kofia na kuomba kwa adabu waruhusiwe kuonja kidogo tu.

Waangavu wakaunda Tume ya Ladha ya maprofesa watano, waonje na kulithibitishia taifa kuwa ikulu si zahanati. Wa kwanza alionja akasema saruji, wa pili akasema njugu, wa tatu akatapika, na wawili waliobaki wakaugua kabla ya zamu yao. Katika nchi nzima aliyejua udongo alikuwa mmoja. Wakamwandikia barua yenye muhuri, kumwomba mla ukuta awe mtaalamu wa Tume.

Siwatu alikubali kwa sharti moja: sheria ifuatwe. Na sheria, ambayo Mtukufu mwenyewe aliitia saini miaka mingi nyuma ili kuficha mambo mengine, ilisema kielelezo chenye mgogoro hutunzwa kwa mlalamikaji hadi uchunguzi umalizike. Basi kila tofali alilolionja liling'olewa, likapakiwa kwenye lori, likapelekwa Vumbini, ambako Mkasi na wenzake walilipokea na kulipanga pamoja na mengine. Wengine husema wameyapanga kwa uzi na pima-maji, kama waashi, ila hilo halijathibitishwa.

Siwatu hana haraka. Huonja, hufumba macho, hutafakari, huomba maji, huonja tena. Mwangavu wa Sheria alimnong'oneza kuwa kusema uongo mbele ya Tume ni kifungo, naye akamjibu kwamba ndiyo maana hakimbilii kujibu. Fumbwe humpiga picha kila siku, bila biskuti, na Wakodolea hutazama mwanamke akitafuna kimya saa nzima na hakuna anayebanduka. Atakapotoa jibu huenda atafungwa, huenda ataapishwa kushika cheo, ikulu imegawanyika. Ubavu mpya hauna ukuta tena, na Mtukufu Shibe hupokea mabalozi akiwa amevaa koti zito kwa sababu ya upepo.

Juzi Siwatu alimaliza kuonja tofali la mwisho la Jumba la Uwazi. Wanaume wote wenye suti waliinama mbele, wakiutazama mdomo wake.

"Sina hakika bado," alisema Siwatu. "Nileteeni ukuta wa chumba cha kulala."