Kibali cha Kupita Shambani

Kitabu chenyewe kilichapwa mwaka 1936, kinanuka kabati. Vuai, mume wangu, alikinunua duka la mitumba nyuma ya Edgware Road, hapa London. Kinafundisha watu kutembea mashamba ya Uingereza: ng'ombe umpite wapi, lango ulifunge vipi. Mimi nilifurahi, wallahi. Mwaka wa pili huo tumo chumba kimoja tunasubiri jibu la ofisi ya uhamiaji ya Croydon, kama tutapewa ukimbizi au tutarudishwa. Nikasema walau nitapumua.

Jumapili tukapanda treni, Vuai kavaa tai kama bwana wa kwenye jalada. Tulipofika lango la kwanza akasimama, akapiga hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Akageuka, tukarudi London.

Jumapili ya pili, vile vile. Nikamwambia kitabu kinasema njia ni ya kila mtu, sasa wewe unamwita nani uwanjani? Akasema kwao Pemba mtu haingii kwa watu bila kuitikiwa, na hodi ni tatu tu. Tena tukikamatwa, wale wa Croydon watasema ndiyo tabia yetu kuingia bila ruhusa. Hapo nikageuka naye kurudi stesheni, maana hofu hiyo ninayo na mimi.

Jumapili ya tatu, kwenye hodi ya mwisho, ng'ombe akaitika. Vuai akafikiri sana, akasema ng'ombe hana mamlaka ya kukaribisha. Nilitamani kumpiga na hicho kitabu.

Ya nne akatokea bibi wa Kizungu na gambuti zake, akauliza kuna nini. Vuai akamweleza kwa adabu zote. Bibi akacheka, akatwambia tupite. Mume wangu hakupita. Akampa kalamu, akamwomba aandike. Bibi, Mungu ampe umri, akaandika nyuma ya kitabu kwamba hawa wawili wanakaribishwa wakati wowote, akatia sahihi. Tulitembea mpaka miguu ikavimba.

Wiki ile tukaitwa Croydon. Afisa akauliza kama tuna hati nyengine. Vuai akatoa kitabu. Nilikufa kwa haya. Afisa akausoma ukurasa ule mara mbili, akautolea nakala, akaigonga muhuri, kisha akatupa barua iliyokuwa tayari mezani. Tumekataliwa. Tunaweza kukata rufaa.

Nje nikakaa kwenye ngazi nikalia. Vuai akanyoosha tai yake.

"Hiyo hodi ya kwanza," akasema. "Zimebaki mbili."