Mesaji Iliyofika Mara Moja

Papa Urbain alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye stesheni ya treni ya Kalemie, na katika miaka hiyo yote hakuna siku treni mbili zilikutana uso kwa uso kwenye reli moja kwa kosa lake. Mke wake, Mama Célestine, alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi kuliko kengele ya parokia. Sababu aliijua pia. Mwenzake wa stesheni ya Niemba alipopiga simu ya reli na kusema treni fulani inatoka saa fulani, Papa Urbain hakuandika kitu. Alingoja aseme tena. Aliposema mara ya pili ndipo kalamu iligusa kaye, daftari lake la kazi. Neno lililosemwa mara moja, alikuwa akifundisha, ni habari ya njiani tu. Neno lililosemwa mara mbili njo amri.

Alipopumzishwa kazi, alikaa miaka kadhaa bila amri yoyote, na hali hiyo haikumfaa. Watu walikuwa wakisema jambo mara moja na kwenda zao.

Kisha mtoto wao wa kwanza, Edmond, aliyekuwa Lubumbashi, akamtumia saa. Haikuwa saa ya kutazama saa tu. Ilikuwa nyeusi, na mkanda wa mpira, na usoni iliwaka kama jicho la paka. Edmond alikuwa na hofu juu ya tansiyo, presha ya damu, ya baba yake na alitaka chombo cha kuhesabu mapigo ya moyo. Mjukuu wao Éliane, aliyelelewa hapo nyumbani, mtaa wa Kataki, tangu mama yake afariki, na ambaye sasa aliuza dawa katika farmasi karibu na daraja la Lukuga, ndiye aliyeiunganisha saa hiyo na telefone ya babu yake.

Tangu siku ile, kila mesaji ilifika mara mbili. Telefone ilitetemeka mezani, juu ya kile kitambaa cha plastiki chenye picha za mananasi, na kabla kijiko hakijafika mdomoni, saa nayo ikatetemeka mkononi, na maneno yaleyale. Edmond alikuwa ametuma chombo cha moyo. Baba yake alipokea stesheni nzima.

Akaanza tena kutekeleza. Ilikuja mesaji ya kusema tuma baraka hii kwa watu kumi kabla ya saa sita, akaituma kwa watu kumi, mmoja wao padri na mwingine fundi wa magodoro. Ilikuja ya kikundi cha mtaa, kwamba Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wote watoke kusafisha mifereji. Alitoka na jembe, akasafisha mfereji peke yake hadi kwenye kona. Wengine hawakutoka. Hakuwalaumu. Wengine walikuwa na telefone tu.

Mama Célestine alivumilia yote hayo. Alikuwa mtu wa kuchagua maharagwe moja moja, hakuwa na haraka ya kuchoka. Kilichomshinda kilikuwa misa. Padri alipoinua ostia na kanisa zima likanyamaza, telefone ilinguruma ndani ya koti la Papa Urbain, halafu saa ikajibu juu ya ubao wa benchi, na ubao ule ni wa zamani, unapeleka sauti mbali. Jumapili tatu mfululizo. Ya tatu, Mama Angélique aliyekaa mbele yao aligeuka, akawatazama wote wawili, kisha akatazama mbele tena. Siku iliyofuata Mama Célestine alimwomba Éliane aitengeneze saa hiyo.

Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Éliane aliingia ndani ya telefone, akachagua kwamba kama Nkambo, ndivyo alivyomwita babu yake, anaishika telefone, mesaji ibaki kwenye telefone, na kama telefone imelala, iende kwenye saa peke yake. Alimweleza babu yake polepole, kama alivyowaeleza wateja wake namna ya kumeza vidonge.

Papa Urbain alisikiliza akiwa amefumba macho. "Kwa hiyo itafika mara moja," akasema.

"Mara moja tu, Nkambo. Utapumzika."

"Bon."

Akaenda kwenye kasha lililo chini ya dirisha, akatoa kaye, akachonga penseli kwa wembe. Mama Célestine alimwona, akadhani anataka kuandika mambo ya pensheni. Alifurahi tu kwamba nyumba imetulia.

Nyumba ilitulia wiki ambayo haikutakiwa kutulia, kwa sababu walikuwa wanangoja neno kutoka Kabalo. Kijana mmoja wa huko, mwalimu, jina lake Chadrack, alikuwa anamtaka Éliane, na Éliane alikuwa anamtaka yeye. Baba mkubwa wa Chadrack, Papa Kyungu, ndiye mwenye kusema kwa ajili ya ukoo, na utaratibu wa jambo hilo unajulikana. Upande wa mvulana unaomba ruhusa ya kufika. Mkubwa wa upande wa msichana anajibu mwenyewe, kwa kinywa chake au kwa mkono wake. Zamani ilikuwa barua, siku hizi ni telefone, lakini bado wanaomba mara moja. Ukoo wenye heshima hauombi mara mbili. Usipojibiwa, umejua mlango umefungwa, unarudi nyuma bila matusi, na mtoto wako anatafutiwa kwingine.

Mama Célestine alikuwa amejitayarisha. Kuku wawili walifungwa nyuma ya jiko wakilishwa mabaki ya ugali. Mchele ulikuwa umepepetwa. Viti kumi na viwili aliviazima kwa waimbaji wa parokia, na kimoja mguu wake ulifungwa kwa waya. Hicho alipanga kumpa mume wake mwenyewe, ili mgeni asianguke. Kamiyo, lile lori la mizigo na watu, inaondoka Kabalo Alhamisi saa sita mchana. Wakipanda hiyo, Jumamosi watakuwa wamefika na kuoga.

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, Éliane alirudi kutoka farmasi na koti lake jeupe bado mwilini. Alipita bila kusalimu. Mama Célestine alimfuata chumbani, akamkuta analikunja lile koti, analikunjua, analikunja tena. Alitangulia kusema kwamba halii. Kisha akaeleza kwamba Chadrack amepiga simu. Baba zake walileta ombi tangu Jumanne, hakuna jibu, na sasa mizigo inateremshwa kwenye kamiyo. Wanasema Nkambo amekataa. Yeye alijaribu kumwambia Chadrack labda ni chombo kimeharibika, na Chadrack alijaribu kuwaambia wazee, nao wakamwambia chombo hakishiki ulimi wa mtu mzima.

"Kama hanitakii mume, angeniambia mimi," Éliane alisema. "Mimi niko hapa hapa ndani ya nyumba."

Papa Urbain alikuwa barazani, telefone kwenye goti moja na kaye kwenye goti lingine. Mama Célestine alikaa karibu naye kwenye kigoda. Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama alivyomwita siku zote.

"Papa Edmond, watu wa Kabalo waliandika?"

"Waliandika. Jumanne, saa tatu na dakika kumi na nne."

"Na uliwajibu nini?"

"Bado haijarudiwa."

Akamfungulia kaye. Ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula. Mesaji kumi na moja zilikuwa zimeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, mstari mmoja kila moja, na pembeni mwa kila mstari, mara moja, mara moja, mara moja. Ya dada yake wa Mpala ilikuwemo, anauliza hali. Ya nne ilisema: Tunaomba ruhusa ya kufika kwenu Jumamosi. Kyungu. Alikuwa ameingoja irudi kwa siku mbili. Hata bafuni aliingia na ile saa, mkono mmoja nje ya pazia, ili isipate maji na ili asiikose.

Mama Célestine hakupandisha sauti. Aligeuza jambo hilo kichwani kama mtu anayetafuta mahali pa kushika sufuria ya moto. Kumwambia Papa Kyungu atume tena haikuwezekana, hiyo ingekuwa kuomba mara mbili. Kumwambia Éliane arudishe saa kama ilivyokuwa kusingesaidia, mesaji ilikwisha kupita. Kujibu yeye mwenyewe, na mume wake mzima yuko hapo barazani, wazee wangedhani Papa Urbain amekufa na anafichwa. Ikabaki kumwomba aseme tu karibuni, na hilo alimwomba. Papa Urbain alimtazama kama aliyeambiwa aachilie treni ya mizigo bila kujua nini kiko mbele.

Akauliza, je, kama mtu alitaka kuandika Jumapili na kidole kikateleza? Na kama ni Kyungu mwingine? Kabalo ina Kyungu wengi.

Mama Célestine alisogeza kigoda chake karibu zaidi. "Zamani," akasema, "kama waya ilikatika mutu wa Niemba amesema mara moja tu, ulifanya nini? Treni ililala kule?"

Papa Urbain alifikiri. Ilionekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hapana. Waya ikipona, mimi ndiye nilimurudishia maneno yake. Nilimuuliza kama njo yale."

"Basi murudishie."

Akaishika telefone. Aliandika kwa kidole kimoja, akitazama kaye kila neno, asipunguze wala kuongeza. Saa tano na dakika kumi aliituma, na ilipokwisha kwenda ndipo Mama Célestine aliinama kuisoma. Shule aliiacha darasa la tano, lakini kwa mesaji hiyo darasa la pili lingetosha. Tunaomba ruhusa ya kufika kwenu Jumamosi. Chini yake, Urbain.

Éliane alikuwa ametoka chumbani. Aliisoma juu ya bega la bibi yake, akajifunika mdomo kwa lile koti. Kule Kabalo sasa, mbele ya baba zake Chadrack wote, ukoo wa msichana ulikuwa unaomba kuja kumposa yeye.

Dakika tisa zilipita. Mama Célestine alizihesabu kwa kuangalia kuku. Kisha telefone ikaita, na Papa Urbain akafungua sauti kubwa, maana hakupenda kusikiliza mambo ya familia kwa sikio moja.

Ilikuwa Papa Kyungu. Nyuma yake kamiyo ilinguruma na mtu aligombana na mwingine juu ya mbuzi. Alisalimia bila haraka: nyumba, afya, ziwa, samaki wanapatikana? Walipomaliza salamu, alisema amepata mesaji, amewasomea ndugu zake, na wote wanauliza kwa heshima kama siku hizi, huko Kalemie, wasichana ndio wanatoka kwenda kuposa. Yeye hakucheka. Waliokuwa nyuma yake walicheka.

"Papa Kyungu," alisema Papa Urbain, "hayo si maneno yangu. Ni yako. Nimekurudishia. Ulisema vile, ama hukusema?"

Kamiyo ikapiga honi.

"Njo vile nilisema," Papa Kyungu alijibu.

"Siku ya Jumamosi."

"Jumamosi."

"Kwetu hapa Kalemie. Hapana kwenu."

"Kwenu Kalemie."

Papa Urbain aliandika saa na dakika pembeni mwa mstari wa nne. Alilamba ncha ya penseli, akapiga mstari chini.

"Karibuni," akasema.

Éliane alikaa chini palepale, juu ya saruji. Mama Célestine alinyoosha mkono akate simu kabla hawajaharibu tena, lakini Papa Kyungu alikuwa bado yuko. Alikuwa mtu wa kupima mahindi kwenye bandari ya Kabalo, na sauti yake ilitoka polepole, gunia moja moja.

"Nimesikia," alisema. "Karibuni, siku ya Jumamosi, kwenu Kalemie. Njo vile?"

Papa Urbain aliinua penseli kutoka kwenye karatasi. Alimtazama mke wake, kisha akaitazama telefone, na uso wake ukawa kama ule aliokuwa nao siku Edmond alipozaliwa na wakamwambia ana vidole vyote.

"Njo vile," akasema.

Simu ikakatika. Papa Urbain alifunga kaye na kumgeukia mjukuu wake, akamwambia kwamba hao ni watu wa kupewa mutoto. Éliane alisema asante, Nkambo, akavaa koti lake, kwa sababu farmasi ilikuwa na mteja aliyemwacha akingojea dawa ya kikohozi.

Mama Célestine alichukua kikapu chake, akafunga kikwembe vizuri, akaelekea ufukweni kwa muuza samaki kumwambia aongeze migebuka ya wageni wa Jumamosi. Alikuwa amesikiliza vizuri wakati watu walipocheka nyuma ya Papa Kyungu, na sauti alizozihesabu hazikuwa chini ya saba.